MJADALA: Kichwa kimoja cha Garratt kirudishwe Mombasa?

Mwana wa Makupa: Wadau, naleta hoja. Vichwa vya treni vya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, vilikuwa 34. Viliundwa na Beyer, Peacock kule Manchester, vikaingia kazini 1955 na 1956, na kazi yao kubwa ilikuwa kuvuta mizigo ya Kilindini hadi Nairobi. Leo vimebaki viwili tu, 5918 na 5930, vyote viko makumbusho ya reli Nairobi. Reli yenyewe ilianza kutandikwa hapa kwetu 1896. Mbona kimoja kisiletwe stesheni ya zamani pale Haile Selassie, watoto wetu wakakiona?

Kanairo: Chuma na hewa ya chumvi vimepatana lini? Ezeka mabati Likoni uone yatakaa miaka mingapi. Isitoshe, watu wa Pwani kudai mnajua, kutunza ndiyo kazi. Madude hayo ya makaa ya mawe yaacheni yalipo.

Bint Changamwe: "Kutunza ndiyo kazi"? Wee! Nani alikuwa akizitunza zikifika hapa na vumbi la Voi na Mackinnon Road? Babu yangu alikuwa fundi karakana ya Mombasa. Injini ikiingia, yeye anapita chini na grisi na kitambaa, fimbo moja baada ya nyingine, anashika kila bearingi kwa kiganja asikie kama imepata moto. Ile namba ya shaba ubavuni iling'aa ukajiona uso. Leo unatuambia hatujui kutunza. Futa hiyo kauli.

Kanairo: Dada, mimi nazungumzia kutu. Babu yako simjui.

Bint Changamwe: Basi ungesema kutu ukaishia hapo.

Mpare wa Same: Niingilie kidogo. Vichwa hivi vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. 5918 ni Mount Gelai, na Gelai iko upande wa Ziwa Natron. 5930 ni Mount Shengena, na Shengena iko kwetu Upare. Yaani viwili vilivyobaki vyote vina majina ya milima ya Tanzania, na nyinyi mnagombana Nairobi na Mombasa kana kwamba sisi hatupo!

Mwana wa Makupa: Jina si hati ya umiliki, ndugu yangu. Mount Kenya nayo ilikuwepo, 5901, ikaishia chuma chakavu. Injini hizi jasho lao lilitoka njia ya Mombasa.

Mpare wa Same: Shirika la reli lilikuwa la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, fedha za nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila mtu akashika kilichokuwa uani kwake. Huko ni kugawana?

Bint Changamwe: Na mpaka wa Kenya na Tanzania, aliufunga nani mwaka huo wa 1977? Tusianze.

Mpare wa Same: Tulifunga kwa sababu tulikuwa tumeshadhulumiwa!

Mpiga Honi: Turudini kwenye chuma jamani. Kwanza, 59 hazikula makaa, zilichoma mafuta mazito. Pili, kichwa kizima ni tani 252, lakini kimejengwa kwa vipande vitatu: boila katikati, injini mbele na injini nyuma, kila injini na magurudumu yake. Ndiyo maana dude refu vile liliweza kupinda kona za reli ya zamani ya upana wa mita moja. Kwa hiyo kukihamisha kunawezekana. Ila SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, haimo katika hesabu, reli yake ni pana zaidi. Na 5918 ilishawahi kufufuliwa ikatembea kwa mvuke wake yenyewe. Ya kuletwa ni 5930.

Kanairo: Ije ikae wapi? Juani?

Mwana wa Makupa: Chini ya paa. Nikubalie hilo kwanza: likijengwa paa la maana pale stesheni, na mafundi wa kupaka mafuta kila mwezi wakaajiriwa, utaendelea kupinga?

Kanairo: Jengeni kwanza.

Mpare wa Same: Mnajenga paa la Shengena bila kutuuliza.

Bint Changamwe: Kanairo, ile kauli bado hujaifuta.