Picha 11 za vyeti ziwe PDF moja isiyozidi MB 2, nifanyeje?

NyarNyalenda
Hamjambo wadau. Naomba kazi ya chekechea na wanataka stakabadhi zote kwenye PDF moja, isizidi MB 2. Nimepiga picha 11 kwa simu, kila moja kama MB 4. Nikiziunganisha napata MB 40 na ushei! Saiba moja hapa Kisumu wanasema niwatumie zote kwa WhatsApp, lakini sipendi kitambulisho changu kibaki kwenye kompyuta ya watu. Nina simu ya Android tu.

MzeeWaToner (Nakuru)
Dada, PDF ni bahasha tu. Ukitia picha nzito, inatoka nzito. Punguza picha kwanza. Kamera ya megapikseli 12 hutoa pikseli 4000 kwa 3000, na ukurasa wa A4 wa kusomwa kwenye skrini unatosheka na 1240 kwa 1754. Hiyo haifiki hata moja ya tano ya pikseli za kamera.

Kwa simu, fungua Google Drive, bonyeza alama ya kamera, skani cheti cha kwanza, kisha ongeza kurasa hadi ziishe. Zote zinatoka PDF moja. Na ukate kingo vizuri. Kitambaa cha meza chenye maua kikionekana pembeni, hicho pekee kinakula nafasi kuliko maandishi.

KijanaMaseno
Mbona mnajisumbua? Tovuti ya iLovePDF, dakika moja imeisha.

MzeeWaToner (Nakuru)
Inafanya kazi, sikatai. Ila faili inapanda kwenye seva yao kwanza, na dada amekimbia saiba kwa sababu hiyo hiyo.

Mwl_Kakamega
Mimi hupokea maombi ya kazi shuleni kwetu. Barua ziweke nyeusi na nyeupe, hizo hupungua sana. Cheti chenye muhuri kiache na rangi yake. Ukimaliza, kuza ukurasa usome nambari ya mtihani: kama 3 inafanana na 8, umebana kupita kiasi. Halafu faili ipe jina lako, tafadhali. Nina “scan0001” za kutosha.

NyarNyalenda
Asanteni sana, imetoka MB 1.7! Shida ni kwamba cheti cha chuo kimelala kichwa chini.

MzeeWaToner (Nakuru)
Kizungushe kabla ya kuhifadhi, kuna alama ya mshale. Kama umeshahifadhi, skani upya tu, ni haraka kuliko kutafuta programu nyingine.