Weusi chini ya jino lililozibwa: ni kuoza au ni gundi?

Mwanafunzi_Ngara
Habari zenu wakubwa. Nina eksrei ya kung'ata (mgonjwa huuma kishikio cha filamu, meno ya juu na ya chini yakaonekana pamoja) ya gego la kwanza la chini lililozibwa kwa kompoziti, ile dawa ya rangi ya jino. Chini ya kijazo kuna mstari mweusi mwembamba. Mgonjwa hasikii maumivu. Nitajuaje kama ni kuoza upya kabla ya kulifukua? Na mbona amalgamu, ile dawa ya kuzibia ya metali, haileti utata huu, daima ni nyeupe pe?

Eksrei_Eastlands
Amalgamu ina zebaki, fedha na bati, atomi nzito zinazozuia miale isipite, na kinachozuia miale huonekana cheupe. Kompoziti ni plastiki, na plastiki peke yake haizuii miale. Weupe wake hutoka kwenye unga wa kioo uliotiwa bariamu, strontiamu, zirkonia au iterbiamu. Kompoziti za zamani zilizojazwa unga wa kwazi (jiwe la silika) huonekana nyeusi kama tundu.

Kipimo cha weupe huo ni unene wa alumini. Milimita 1 ya dentini, sehemu ya ndani ya jino, huzuia miale karibu sawa na milimita 1 ya alumini; enameli, ganda gumu la nje, ni kama 2. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4049 kinataka kompoziti inayouzwa kama ya kuonekana kwenye eksrei isipungue alumini ya unene uleule, yaani inaweza kufaulu na bado ikafanana na dentini. Soma karatasi ya ndani ya boksi, uchague inayozidi enameli. Kompoziti ya majimaji, ile laini inayotiririka, ndiyo ya kukaguliwa zaidi, maana nyingi zina unga kidogo.

DaktariMeno_Nbi
Mdogo wangu, tazama umbo la huo weusi. Gundi ya kushikizia kijazo iliyotuama kwenye kona huacha mstari wenye kingo kali, unaofuata sakafu ya tundu. Kuoza hutambaa ndani ya dentini, kingo zake zimefifia. Sementi za zamani za kalsiamu haidroksaidi, zilizotandikwa chini ya kijazo, nazo huonekana nyeusi, kwa hiyo tafuta kwenye faili ni nini kiliwekwa.

Kisha funika sehemu nyeupe kwa kipande cha karatasi nyeusi. Weusi ukitoweka, ni jicho lililodanganywa na weupe wa jirani yake. Ukibaki, pitisha probu (chuma chenye ncha kali) pembezoni mwa kijazo na uzi wa meno kati ya meno: uzi ukichanika au probu ikizama mahali palipolainika, hapo una sababu ya kufungua.

Mwanafunzi_Ngara
Asante sana Daktari. Kingo ni kali, na uzi unapita vizuri.

DaktariMeno_Nbi
Basi usilifukue. Linganisha na eksrei ya zamani kama ipo. Kama haipo, hifadhi hii. Ijayo ipigwe kwa pembe ileile, la sivyo utalinganisha vivuli viwili tofauti.

Eksrei_Eastlands
Niongeze kuhusu amalgamu: weupe wake ndio hatari yake. Kuoza kulikokaa upande wa shavu au wa ulimi hufichwa kabisa nyuma yake. Hapo picha safi si ushahidi, kausha jino uliangalie kwa macho.