Evolution, Celica, Supra: majina haya yarudishwe au yaachwe?

Fundi_Njiro
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa injini hapa Arusha, na turbo za Kijapani ndizo zinazonilisha. Wiki hii gerejini vijana wamebishana mpaka kazi ikalala: kampuni zirudishe majina ya zamani ya magari ya mbio, au ziyaache? Wengi wanashangilia yarudi. Mimi nasema jina lirudi pale tu gari linapoweza kufanya kazi iliyolipa hilo jina heshima.

Lancer ya Mitsubishi, iliyozaa Evolution, haikujengewa jina na matangazo. Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1974, akarudia 1976, na mwaka huo Lancer zikashika nafasi tatu za kwanza. Miaka 20 baadaye Tommi Mäkinen, dereva wa Finland, akashinda Safari hiyo hiyo na Lancer Evolution III. Sasa tazameni Eclipse, gari jingine la Mitsubishi. Ilikuwa gari la milango miwili, limekaa chini, la kijana anayependa mwendo. Mwaka 2017 Mitsubishi wakaleta Eclipse Cross, gari la familia lililoinuka. Si gari baya, lakini aliyeipenda ile ya kwanza haoni anachokifahamu zaidi ya maandishi ya nyuma.

Aliyewahi kuendesha Evo, yaani Evolution, yenye ile difu ya nyuma (gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili) inayoongozwa na kompyuta ananielewa. Unaingia kona ya changarawe, unakanyaga mafuta mapema kuliko ungethubutu kwenye gari jingine. Tairi la nyuma la upande wa nje linaongezewa nguvu, na pua ya gari inavutwa kuingia ndani ya kona. Unaisikia kiunoni. Wakibandika jina bila kitu hicho, wamerudisha nini?

Mwana_Naks
Fundi, nakuheshimu, lakini huku Kenya hesabu ni tofauti. Gari likipitisha miaka minane haliingii nchini. Nyinyi Watanzania mnalipa ushuru wa uchakavu na gari linapita. Sisi mlango umefungwa. Evo X, ile ya mwisho, iliacha kutengenezwa karibu miaka kumi sasa, kwa hivyo zilizopo ndizo hizo hizo, zinazungushwa kwa bei inayopanda kila zikibadilisha mwenyewe. Mdogo wangu ana pesa zake, ana leseni, na hawezi kuagiza. Jina lisiporudi, kizazi chake kitalijua kwa stika tu. Afadhali lirudi hata kama halijakamilika.

Bi_Turbo_Dar
Habari zenu. Kaka Fundi, umeisahau Supra ya Toyota. Ilitoweka 2002, ikarudi 2019 ikiwa na injini ya BMW, tena ikaunganishwa Graz kule Austria pamoja na Z4 ya BMW. Watu walilalamika sana. Lakini bila kugawana gharama na BMW, nadhani gari lenyewe lisingekuwepo, na ile injini ya silinda sita haina aibu yoyote.

Kuna faida nyingine ambayo vijana hawaizungumzii. Toyota wameanza kutengeneza upya baadhi ya spea za Supra za zamani, matoleo ya A70 na A80. Kwa mtu mwenye gari la miaka 30, spea mpya kutoka kiwandani ni uhai. Kampuni inayolithamini jina lake huwakumbuka na waliolinunua zamani. Hilo peke yake linanifanya niunge mkono.

Vumbi_la_Kedong
Mimi huenda Naivasha kila Safari. Ukiwa Kedong, moja ya njia za mbio huko, unaona kwanza wingu la vumbi, halafu sauti, gari lenyewe linatokea mwisho, bomba la hewa limepandishwa kando ya kioo ili injini isimeze vumbi. Tangu mbio zirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 mpaka 2025, Toyota wameshinda kila mwaka, na 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za kwanza. Kwa Yaris! Jina la gari la kwenda sokoni. Hawakuhitaji kufukua jina lolote.

Fundi_Njiro
Vumbi, umenipa nguvu. Kuchukua nafasi nne za kwanza, Toyota walishafanya hivyo kwenye Safari ya 1993 kwa Celica, gari lao la mbio la enzi hizo. Timu iko kwenye vumbi lile lile, bado inashinda, kwa hiyo wakitoa Celica yenye turbo, inayovuta magurudumu manne, na gia za mkono, nitaipokea kwa mikono miwili. Mitsubishi waliondoka kwenye ubingwa wa dunia mwisho wa 2005. Warudi kwanza kwenye mbio, ndipo tuzungumze Evolution.

Dada yangu wa Dar, la spea nakubaliana nawe kabisa, ila spea zinaweza kutengenezwa bila kubandika jina kwenye gari jipya.

Naks, mwambie mdogo wako aangalie GR Yaris ya kuanzia 2020. Silinda tatu, lita 1.6, turbo, inavuta mbele na nyuma, na bado iko ndani ya miaka yenu minane. Asichelewe.