Majirani Ngamiani: Idi imekwisha, shira bado ipo jikoni

[Jumamosi, 20:04] Asma Maskati: Asalaam aleykum wapendwa. Idi imewapitaje huko Tanga? Huku mapumziko ndiyo yameisha, kesho kazini.

[20:06] Mama Salma: Waaleykum salaam wifi. Kwema kabisa. Watoto juzi Raskazone, jana mapango ya Amboni, leo kila mtu kalala. Huko mmekula nini?

[20:07] Asma Maskati: Shuwa (nyama ya kufukia ya huku), halwa, kahawa, halwa tena. Mizani nimeigeuzia ukutani.

[20:09] Bi Mwanaidi: Wanangu, hebu nisaidieni. Hiki kipimo cha sukari alichonitumia Asma kimesoma 196 baada ya chakula cha mchana. Cha kule kituo cha afya huwa kinaandika 8, kinaandika 9. Hii 196 ndiyo nini tena?

[20:10] Asma Maskati: Shikamoo bibi, ni kizima hicho, nilikijaribu kabla ya kukifunga 🙈

[20:14] Rehema Nesi: Shikamoo bibi. Usitishike. Kuna vipimo vinavyohesabu kwa miligramu na vinavyohesabu kwa milimoli. Ile namba kubwa igawanye kwa 18. 196 inakuwa 10.9. Ni sukari ileile, imeandikwa kwa hesabu nyingine. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari tunataka asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4.4 na 7.2 (kwa kipimo chako ni 80 hadi 130), na saa mbili baada ya kula isizidi 10 (yaani 180). Wazee sana, au wenye maradhi mengine, daktari huwalegezea kidogo. Sasa niambie, ulipima muda gani baada ya kula, na mikono ilikuwaje?

[20:16] Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Nusu saa hivi. Nilikuwa namenya chungwa.

[20:20] Rehema Nesi: Basi hilo jibu tuliache. Kwanza, saa mbili zinahesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu ulipoinuka mkekani. Nusu saa baada ya pilau sukari iko njiani kupanda. Pili, maji ya chungwa yakibaki kidoleni yanachanganyika na tone la damu, na kipimo hakijui sukari ipi ya damu na ipi ya chungwa la Muheza. Tende nayo ni hivyohivyo, inanata. Osha mikono kwa sabuni na maji, kausha kabisa (maji nayo yanapunguza damu, namba inashuka kwa uongo), halafu dunga pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, katikati kunauma zaidi. Spiriti si lazima. Ukiitumia, iache ikauke kwanza.

[20:21] Rehema Nesi: Na vile vijiti vya kupimia visikae wazi. Tanga hewa ina unyevu, kikopo kikibaki bila kifuniko vijiti vinaharibika kabla ya tarehe. Chomoa kimoja, funga papo hapo. Usivihamishie kwenye kikopo kingine, na usiviweke karibu na jiko.

[20:22] Bi Mwanaidi: Ahaa. Nilivitia kwenye mfuko wa nailoni.

[20:22] Rehema Nesi: Hivyo tupa bibi. Fungua kikopo kipya.

[20:25] Mama Salma: Mimi la kwangu ni la jikoni. Watu wanalaumu wali, wanasahau kaimati. Shira ya vikombe viwili vya sukari ni gramu 400. Ikinyweka yote kwenye kaimati 40, kila moja imebeba gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Unga na mafuta hatujayagusa. Mtu anakula sita huku anapiga soga, akiulizwa anasema "nimeonja".

[20:26] Asma Maskati: Sasa kaimati bila shira si maandazi hayo?

[20:30] Mama Salma: Shira iwepo ila zisiogelee. Chukua sukari nusu kikombe, maji robo kikombe, iliki tatu za kuponda. Chemsha mpaka ukiigusa kwa kijiko na kuibana vidoleni inavuta uzi. Kaimati zitoke kwenye mafuta moja kwa moja ziingie humo, zigeuzegeuze upesi, opoa. Zinavaa koti jembamba linaloganda na kumetameta. Zikishapoa hazishiki, shira inateleza yote chini. Na shira ikiwa nyepesi zinainywa na kulegea, ndipo mtu anaongeza sukari tena. Hapo umetoka gramu 10 hadi 2 na nusu kwa kaimati.

[20:31] Rehema Nesi: Hii naichukua.

[20:34] Bi Mwanaidi: Jumatatu nataka kuanza Sitta, zile funga sita za Shawwal. Rehema unasemaje?

[20:35] Rehema Nesi: Dawa zako ni zipi sasa?

[20:36] Bi Mwanaidi: Metfomini mara mbili, na kile kidogo cha asubuhi, glibenklamidi.

[20:43] Rehema Nesi: Basi usianze Jumatatu kabla hujafika kliniki. Metfomini peke yake mara chache inashusha sukari kupita kiasi. Hiyo glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa mtu akifunga. Inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu, nayo inakaa mwilini muda mrefu, kwa wazee hasa. Unaimeza alfajiri, alasiri sukari inaporomoka. Daktari anaweza kuihamishia futari, kupunguza kipimo, au kukubadilishia. Usijipangie mwenyewe, wala usiiache kimyakimya. Na siku sita za Shawwal si lazima zifuatane, mwezi bado mrefu.

[20:46] Rehema Nesi: Akikuruhusu, pima kabla ya daku, adhuhuri, alasiri na saa mbili baada ya futari. Kujidunga kidole hakufunguzi, masheikh wengi wameshalisema. Ikisoma chini ya 70 (3.9) fungua palepale, hata kama imebaki robo saa adhana. Ikipita 300 (16.7) fungua, kunywa maji, nenda kituoni. Na ukihisi jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio au maneno kukupotea, usitafute kipimo kwanza. Sukari vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, kunywa. Subiri dakika 15, pima, ikiwa bado chini rudia. Ikishapanda, kula kitu cha kushiba kidogo.

[20:47] Asma Maskati: Na kaimati je? Si ina sukari?

[20:49] Rehema Nesi: Hapana! Mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Chokoleti vilevile. Sukari ya maji, soda ya kawaida nusu chupa, au asali kijiko kimoja cha chakula. Na mtu aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Huyo mlaze ubavu, bajaji, hospitali.

[20:50] Bi Mwanaidi: Jumatatu basi nakwenda kliniki. Sitta itanisubiri.

[20:58] Mzee Kombo: Na sisi wa presha tuseme wapi? Nimetoka msikitini, nimepima nyumbani 158 kwa 94.

[21:00] Rehema Nesi: Shikamoo baba. Umefika tu ukapima?

[21:00] Mzee Kombo: Nimefika, nimekunywa kahawa, nimepima.

[21:06] Rehema Nesi: Hiyo ni presha ya kahawa na ngazi. Kahawa, chai na sigara ziwe mbali nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kikijaa namba inapanda. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, si kitandani, nyayo zote chini, miguu usipachike, nyamaza dakika 5. Mkono uweke juu ya meza, kile kitambaa cha kufunga kiwe usawa wa moyo na kigusane na ngozi, usikunje mkono wa shati ukabana juu. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Namba za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu ndio tunauita presha ya juu.

[21:07] Rehema Nesi: Na baba mkono wako ni mnene. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinasoma juu kuliko kweli. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, halafu tazama pembeni ya kitambaa, kimeandikwa kinafaa sentimita ngapi.

[21:11] Mzee Kombo: 36. Kitambaa kinasema 22 hadi 32. 😳

[21:12] Rehema Nesi: Umeona! Nunua kikubwa, mashine ibaki ileile mradi kitambaa ni cha aina yake. Lakini ukiona 180 kwa 120, na kifua kinauma, au mdomo umepinda, au mkono hauna nguvu, usisubiri kitambaa wala majibu ya kikundi. Hospitali.

[21:15] Mama Salma: Baba, na papa mkavu mmempa likizo? Siku nzima mtu mzima anatakiwa asizidi gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa jumla. Papa ni chumvi tupu. Mloweke usiku kucha, mwage maji, mloweke tena asubuhi, ndipo umchemshe, na mchuzi wake usitie chumvi hata chembe. Vile vipande vya kuungia supu navyo karibu nusu yake ni chumvi. Ukitia kimoja, kopo la chumvi lisifunguliwe. Ukwaju na ndimu vinaziba pengo vizuri, ulimi hautambui.

[21:16] Mzee Kombo: Ulimi wangu utatambua.

[21:16] Mama Salma: Wiki mbili tu baba, utazoea.

[21:24] Halima wa Kona: Jamani mimi nimepitiwa na mazungumzo yote nafunga duka. Kuna chai ya kukata tumbo inauzwa, mtu anapungua kilo tatu kwa siku nne. Ni salama?

[21:31] Rehema Nesi: Soma karatasi yake. Nyingi ukizichungulia ndani ni sanamaki. Hiyo ni dawa inayomfanya mtu aharishe, na kwa choo kigumu inafaa siku chache. Kilo zinazoondoka ni maji na choo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, hesabu mwenyewe kama chai inaweza kuchoma tatu kwa siku nne. Hatari yake ni potasiamu kutoka pamoja na hayo maji, moyo unapiga vibaya. Anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza asiiguse kabisa.

[21:33] Rehema Nesi: Hata anayeacha wali na ugali ghafla anashuka kilo mbili wiki ya kwanza na kushangilia. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini umeshikana na maji, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu. Akila ugali siku moja yanarudi. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na futi kiunoni inasema ukweli kuliko mizani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Una sentimita 160, kiuno kiwe chini ya 80. Pima juu ya kitovu kidogo, umetoa pumzi, tumbo usilivute ndani.

[21:34] Halima wa Kona: Hapo kwenye kulivuta ndipo nilipokuwa napima mimi 😂

[21:36] Halima wa Kona: Basi nile mihogo ya kuchemsha, si ni chakula cha asili?

[21:39] Mama Salma: Asili sawa, lakini muhogo una wanga zaidi kuliko kiazi. Gramu 100 za muhogo ni kama 38 za wanga, kiazi kitamu ni 20 na kidogo. Vipande viwili vya urefu wa kidole, pamoja na mchicha wa kujaa na dagaa. Si sinia. Ugali nao uwe wa ngumi yako, dona ukiweza. Nusu ya sahani ni mboga, robo samaki au maharage, robo ndiyo wanga. Nasi huwa tunaanza kupakua wanga, mboga inatafuta pa kukaa. Anza na mboga.

[21:40] Halima wa Kona: Chapati niziage?

[21:47] Mama Salma: Usiziage. Nusu kilo ya unga, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula ndani ya unga, maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, kama kikombe kimoja na robo, yatie kidogokidogo. Kanda dakika 10, funika nusu saa. Zinatoka 8. Kukunja, paka kijiko kimoja cha chai kila moja, kukaanga nusu kijiko. Za shughuli mtu anamwagia vijiko viwili vya chakula kwa kila chapati, hizo kalori 240 za mafuta tu. Zikiwa ngumu usiongeze mafuta. Ama hukuzifunika, ama moto mdogo, chapati inakauka kabla haijaiva. Kikaango kiwe moto kwelikweli, geuza mara tatu, ingiza kwenye kitambaa na hotipoti papo hapo, mvuke wake wenyewe unailainisha.

[21:52] Baba Neema: Habari za jioni nyote. Sisi tunamalizia Kwaresima, Pasaka ndiyo hiyo. Mbuzi na bia mnatuambiaje mapema?

[21:55] Rehema Nesi: Karibu jirani. Mbuzi hana neno, ana mafuta kidogo kuliko kitimoto, toa tu yale meupe ya pembeni kabla ya kuchoma, chumvi nyunyiza mwisho, kachumbari iwe nyingi. Bia chupa ya nusu lita ni kama kalori 200, mbili ni chakula kizima cha jioni. Kama unatumia dawa ya sukari usinywe bila kula, pombe inalizuia ini kutoa sukari, inaweza kukushukia usingizini na waliokuzunguka wakadhani umelewa tu.

[21:56] Baba Neema: Hilo sikulijua. Na kutembea? Wengine wanasema lazima saa nzima.

[21:58] Rehema Nesi: Dakika 150 kwa wiki, na si lazima kwa mkupuo. Ya faida zaidi kwa sukari ni ile ya baada ya kula, dakika 10 hadi 15, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Misuli inachukua sukari hapohapo.

[21:59] Asma Maskati: Huku joto halituruhusu nje, tunatembea ndani ya maduka makubwa. Shida ni harufu ya halwa kila kona.

[22:01] Mzee Kombo: Rehema, kitambaa kikubwa kinapatikana duka la dawa la kawaida au la vifaa?

[22:02] Rehema Nesi: La vifaa vya hospitali baba. Nenda na mashine yenyewe, wakujaribishie ncha ya mpira kama inaingia.