Chopin Opus 10 namba 3: melodi inamezwa mkono wa kulia, naomba ushauri

Kinanda_Moro: Wakuu, habari zenu. Nimetokea kwenye kinanda cha kwaya, sasa nimeshika ile etyudi (kipande cha mazoezi ya ufundi) ya piano ya mtunzi Chopin, ya E meja. Noti ninazo kichwani, ila ukurasa wa kwanza melodi inamezwa na noti za katikati, na zote ni za mkono huohuo wa kulia. Nikifika palipoandikwa *con bravura* (kwa ufundi na ujasiri), mkono unakaza mpaka kwenye kiwiko. Nikazane na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo), au nitafute nyepesi kwanza? Naupenda mno wimbo huu, sitaki kuupiga hovyo.

Mzee_wa_Pedali: Usiuache. Hiyo shida yako ndiyo etyudi yenyewe. Melodi imekabidhiwa vidole vya nje, vilivyo dhaifu. Gumba na cha shahada, vyenye nguvu, vimepewa kazi ya kunong'ona. Piga melodi peke yake kwanza, kwa vidole vilevile utakavyovitumia mwishoni, uiunge bila pedali. Kidole kikikosa pa kwenda, kibadilishe na kingine juu ya noti bila kuiachia. Kisha ongeza noti za katikati kwa mkato, mguso mwepesi kabisa, melodi ikiwa bado imeungana. Uzito wa mkono uegemee kidole cha mwisho. Ukibamiza, sauti inakuwa kali tu, haiimbi. Na uiimbe kwa mdomo! Mtu wa kwaya unajua soprano anavuta pumzi wapi, basi kifundo cha mkono nacho kinyanyuke hapohapo.

BintiNoti: Unafanyia mazoezi kwenye nini, mkuu? Kama ni kibodi ya funguo nyepesi, huo uzito anaousema mzee hutausikia. Omba hata saa moja kwenye piano ya kweli.

Kinanda_Moro: Kibodi ya funguo nyepesi, dada. Piano ipo kanisani, nitaomba. Mwendo je? Nasikia wengi wanaivuta sana.

Tempo_Rubato: Wanaivuta kupita kiasi, na hapa nitabishana na yeyote. Kwenye muswada wa 1832 Chopin aliandika *Vivace* (kwa kasi na uchangamfu), baadaye *Vivace ma non troppo* (kasi, ila si kupita kiasi). Ilipochapishwa 1833 ndipo ikawa *Lento ma non troppo* (polepole, ila si kupita kiasi), na metronomu akaweka nusu-pigo 100 kwa dakika. Hata hilo jina la "Tristesse" (huzuni) wanaloiita si lake. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo ikigonga waya, kwa hiyo ukichelewa mno, noti inayofuata inakuta iliyotangulia imeshakufa na sentensi inakatika. Fikiria mapigo mawili kwa kila baa, siyo manane madogomadogo.

Mzee_wa_Pedali: Hapo nakubali, ila asianze na 100.

Kuhusu *con bravura*: zile jozi za noti zilizoachana kwa sauti sita, zinazokimbia mikono yote miwili, zigawe mbilimbili. Piga mbili, legeza mkono kabisa, hamia mbili zinazofuata ukiwa kimya, ndipo upige. Mkono mmoja mmoja kwanza, kwa sauti ndogo. Ukiona mkono umelegea kila baada ya mbili, unganisha nne. Sikiliza noti ya juu iongoze, ya chini iifuate. Ukisikia maumivu, funga piano siku hiyo.

Kinanda_Moro: Na pedali kwenye melodi?

BintiNoti: Ibadilishe besi inapobadilika, lakini baada tu ya kuigonga, siyo pamoja nayo. Sikio ndilo liamue, maana kila piano ina mwangwi wake.