MJADALA: Kituo cha TV kina haki ya kutukatia tamthilia ikifika patamu?

Wakuu, naleta kesi ya zamani. Alien Nation, tamthilia ya kipolisi ya Marekani, ilianza kurushwa na kituo cha Fox Septemba 1989. Mwaka 1990 ikafutwa, msimu mmoja tu, vipindi 22.

Kwa ambao hamkuiona: chombo chenye watumwa robo milioni kutoka sayari nyingine kimeangukia jangwa la Mojave, California. Kwao hakurudiki, wakaishia kuwa wakazi wa Los Angeles. Mpelelezi Matthew Sikes, anayewachukia Wageni hao kupita kiasi, anapangiwa kazi na mmoja wao, George Francisco. Sikes kaachana na mkewe, maisha yake shaghalabaghala. George ana kipara chenye madoa, mke, watoto, na ustaarabu unaokera. Bia haimfanyi kitu. Kinachomlewesha ni maziwa yaliyochacha (huyu anapiga mtindi kwelikweli). Maji ya bahari yanamchoma kama tindikali. Na kwao mimba ikifika hatua fulani anaibeba baba, kwa hiyo George kajifungua mwenyewe.

Sasa kipindi cha mwisho. Susan, mke wa George, na binti yao Emily wamepata virusi vilivyotengenezwa kuwaua Wageni tu. Wako hoi. Kikaishia hapo! Filamu ya kumalizia, Dark Horizon, ilikuja 1994. Miaka minne mtu unasubiri kujua kama mtoto kapona.

Hoja yangu: kesi za kila wiki zilifungwa, hizo sizidai. Ninachodai ni Sikes. Yule aliyeanza kwa chuki ndiyo kwanza alikuwa anampenda jirani yake Cathy, naye Mgeni. Umenivuta njia yote hiyo halafu unanishusha porini?

— Mkuu, TV ni biashara. Fox ilianza 1986, bado ilikuwa inatafuta miguu, na tamthilia yenye watu wa kubandikwa vichwa vya bandia kila siku haiendeshwi kwa mapenzi ya watazamaji. Wewe ulilipa shilingi ngapi?

— Mnamwonea Fox. Waliolala ni waandishi. Msimu wa kwanza, hujui kesho yako, unamwacha mama na mtoto wanakata roho? Si ungemaliza hadithi, ukipewa msimu wa pili uanze kesi nyingine?

Mchangiaji wa kwanza, kulipa nililipa: nilikaa nikaangalia matangazo yao yote, na muda wangu ndio waliokuwa wanauza. Kipindi kimoja cha kufungia hadithi kisingewafilisi. Wa pili, hapo umenibana. Waliandika kama watu wenye mkataba wa miaka kumi. Sawa, waandishi nao wapande kizimbani. Lakini Fox asishuke.