Sukari imepanda, nimeambiwa "fanya mazoezi". Mazoezi gani hasa?

MshonajiUmoja: Hamjambo wanajukwaa. Nina miaka 48, nashona nguo hapa Umoja, Nairobi, kutwa niko kwenye cherehani. Kliniki wamenipata na sukari ya aina ya pili, presha nayo iko juu kidogo. Nimepewa metformini na glibenklamidi, nikaambiwa "fanya mazoezi", kisha akaitwa mwingine. Pesa za jimu sina. Jirani ananiambia nikitembea kila siku niache dawa. Nisaidieni.

KijanaDonholm: Mama, amka saa kumi na moja, shika Outering Road mbio mpaka Allsops na kurudi. Hiyo sukari itakuhama yenyewe 😂

NesiMstaafu: Wewe kijana, usituulie mtu. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama hujala. Ukikimbia tumbo tupu, sukari inaweza kushuka mno ukaanguka barabarani. Metformini peke yake ni nadra kukushusha hivyo.

Dada, anza na dakika 10 au 15 baada ya kula. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kwenye damu bila kuingoja insulini, na mwili huendelea kunufaika hadi siku moja au mbili. Kwa hiyo usipitishe siku mbili mfululizo umekaa tu. Polepole fika dakika 150 kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Mara mbili kwa wiki tia nguvu: inuka kitini na ukae bila kushika kitu, rudia mpaka mapaja yachoke. Presha pia itashuka. Dawa usiguse. Kliniki ndio watazipunguza, vipimo vikiruhusu.

BabaKayole: Na usitoke na patipati! Sukari huua hisia za miguu, unapata kidonda hujui. Vaa raba na soksi, jioni kagua nyayo. Mfukoni weka peremende. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, huenda sukari imeshuka mno, simama ule.

MshonajiUmoja: Asanteni. Lakini sisi tunakula saa tatu usiku, na huku kwetu ukitoka saa hizo simu inakwenda.

NesiMstaafu: Basi kuleni mapema, halafu taarifa ya saa moja uitazame ukipiga hatua papo hapo sebuleni. Hesabu ni ileile.

MshonajiUmoja: Watoto watanicheka, lakini sawa. Na vitambaa nitakuwa nakata nimesimama.